Bawaba ya Usukani

Mume wa dada yangu alifika karakanani kwangu, Lyamkena, mtaa wa Makambako, mwezi mmoja baada ya kumzika dada. Huku kwetu mashemeji wa kiume huitana mlamu, nami nitamwita hivyo. Ilikuwa asubuhi ya baridi kali, ukungu bado umelalia barabara, na alikuwa amevaa sweta la kijani ambalo nililitambua mara moja kuwa la dada. "Kamwene," alisema, salamu pekee ya Kibena aliyoijua. Nikaitikia. Akaketi juu ya tairi bovu lililokuwa mlangoni kana kwamba ametembea kwa miguu kutoka ziwani hadi Makambako. Nilimwomba aingie ndani akaote moto wa jiko. Alisema pale panamtosha. Kisha akatoa kitambaa mfukoni, akafungua fundo, akanitilia mkononi vipande viwili, kimoja cha shaba na kimoja cha chuma.

Sikuhitaji kuuliza ni vya nini. Ilikuwa bawaba ya usukani wa mashua yake, na fundi wa mwisho kuishika nilikuwa mimi.

Mlamu ni mtu wa Ziwa Nyasa, upande wa Ludewa, katika kijiji ambacho milima imeshuka mpaka majini na barabara haijafika. Ukitaka kutoka, unapanda mlima kutwa nzima au unapita majini. Dada aliolewa huko akiwa binti wa miaka ishirini, mtoto wa mashamba ya viazi asiyejua kuogelea, na kwa miaka yote aliyoishi kule hakujifunza. Alisema maji ni ya kuchota.

Mashua yao haikuchongwa kijijini. Mzungu mmoja wa misheni aliileta vipande vipande zamani hizo, akaiunganisha pale ufukweni, na mlamu, wakati huo kijana anayejifunza useremala, akamsaidia. Mzungu alipozeeka na kurudi kwao akamwachia. Ni mashua ndogo ya tanga moja, hubeba watu sita. Usukani wake unaning'inia nyuma kwa bawaba mbili za shaba, kama mlango unavyoshikwa na fremu. Kila bawaba ina sehemu mbili: jicho, ambalo limefungwa kwenye mashua, na pini iliyoko kwenye usukani, inayoingia kwenye jicho na kugeuka humo. Bawaba ya chini ndiyo hubeba uzito wote.

Bawaba za namna ile hazitengenezwi tena. Binti yao mkubwa, ambaye ni mwalimu Njombe mjini, alitafuta kwenye simu siku nyingi. Aliona kwamba kiwanda ambacho alama yake imegongwa kwenye shaba kilifungwa kabla yeye hajazaliwa. Alipata picha za bawaba kuukuu zinazouzwa huko ng'ambo, lakini hakuna iliyolingana na ya baba yake. Ndiyo maana, miaka miwili kabla ya siku hiyo ya ukungu, dada mwenyewe alikuja Makambako na bawaba ya chini ikiwa imefungwa kwenye pembe ya kitenge.

Naikumbuka siku ile vizuri kuliko ninavyotaka. Ulikuwa msimu wa viazi. Malori yalikuwa yamepanga foleni mbele ya karakana, hili ekseli imekatika, lile boliti za gurudumu zimeliwa, na madereva wamenisimamia kichwani. Dada aliingia na kapu la dagaa, akasalimia kila mtu, akaniambia mashua imelala na wagonjwa wa kijiji hawana pa kupita siku ambazo boti ya injini haiji, kwa hiyo angependa kurudi kesho yake. Niliitazama ile bawaba. Pini ilikuwa imekonda. Jicho lenyewe lilikuwa limelika, tundu lake si duara tena bali limerefuka kama yai.

Nilijua inavyopasa kufanywa. Jicho litobolewe upya liwe duara, liingizwe bushi, ile pete ya ndani inayopokea msuguano, na pini ikerezwe kwa shaba kama ile ile ya kwanza. Shaba sikuwa nayo. Ningeitafuta siku moja, ningefanya kazi siku mbili. Juu ya meza yangu palikuwa na kipande cha ekseli ya lori kilichobaki. Nilikifunga kwenye mashine, nikakereza pini ya chuma, nikainenepesha kidogo ili isicheze sana ndani ya lile tundu lililorefuka, nikaipiga mahali pake. Haikuchukua saa mbili. Dereva mmoja alikuwa bado ananiita nilipompa dada.

Aliigeuzageuza. Akauliza, "Itadumu?"

"Dada, hii itakuzika wewe."

Ni msemo wetu sisi mafundi. Tunawaambia wateja kila siku, nao huondoka wameridhika. Dada alicheka, akanipiga bega, akasema niwasalimie wanangu. Nilimwambia ailete tena baada ya mwaka mmoja niiangalie. Mwaka ulipopita hakuileta, wala mimi sikumpigia simu kumkumbusha.

Kilichotokea baada ya hapo nilisimuliwa kwa vipande, na sehemu nyingine nilizijua kwa kuziona. Tumbo lilianza kumsumbua dada Ijumaa. Kufikia Jumamosi alikuwa anatapika, na tumbo limekaza kama ngoma. Boti ya injini isingepita mpaka Jumatatu. Mlamu akatandika godoro ndani ya mashua, akamlaza, akamchukua jirani mmoja wa kumsaidia kasia, wakatweka tanga kuelekea mahali penye barabara. Kwa upepo mzuri ni safari ya saa tano.

Walikuwa wamefika nusu ya njia upepo wa kusini ulipozidi. Jicho la bawaba ya chini likapasuka. Ile ya juu haikuweza peke yake, ikang'oka na skrubu zake, usukani ukabaki unaburutwa kwa kamba. Mashua isiyo na usukani haisikii neno la mtu. Iligeuka ubavu, ikaanza kuingiza maji, wakalazimika kushusha tanga. Jirani alikomba maji, mlamu akapiga kasia. Upepo ukawapeleka ulikotaka wenyewe, wakaja kutupwa Jumapili mchana kwenye ufukwe mdogo chini ya mlima, mbali zaidi na barabara kuliko walikotoka. Watu wa pale walimbeba dada kwa machela. Mpaka anafika hospitali ya Ikonda, huko Makete, ilikuwa Jumanne.

Mimi nilimkuta pale Jumatano. Alikuwa ameshapasuliwa. Aliishi siku kumi na moja, na siku nne za mwanzo alizungumza. Aliulizia mihogo yake. Alimsema mlamu kwa kuja hospitali bila soksi, na baridi ya Makete ilivyo. Kuhusu ziwa hakusema kitu, ila mara moja alisema kwamba mbingu zilikuwa nyingi mno kule juu, na godoro limelowa.

Daktari alitueleza kwa upole kwamba utumbo ulijisokota, na walipomfungua sehemu kubwa ilikuwa imeshakufa. Mlamu alikuwa ameniambia maneno mawili tu juu ya safari: "Usukani ulituacha." Sikumwuliza uliwaachaje. Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya daktari, na nilikuwa na swali moja, kama angefika Jumamosi jioni ingekuwaje. Daktari hakuwa na haraka. Ningeuliza, angenijibu. Nilimshukuru, nikatoka kwenda kununua uji.

Kwa hiyo asubuhi ile mlangoni pangu ndipo nilipoona kwa macho. Jicho la shaba lilikuwa limeliwa upande mmoja mpaka likawa jembamba kama ukucha, na hapo kwenye wembamba ndipo lilipokatikia. Pini yangu ilikuwa nzima. Miisho yake ilikuwa na kutu, lakini sehemu iliyokuwa ikisugua ilikuwa safi, inang'aa. Chuma kile majini kilishika kutu, kutu ikawa msasa, na kila wimbi lililotikisa usukani lilikuwa linalipiga msasa lile jicho, miaka miwili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekuonyesha kwa kidole.

Mlamu alisema anataka nitengeneze nyingine, nzima, jicho na pini. Nilimwambia sawa. Nilimwambia pia kuwa safari hii itachukua siku, kwa sababu shaba lazima itafutwe. Alisema atangoja.

Alikaa kwetu siku sita. Mke wangu alimpa chumba cha watoto, akampikia kila alichodhani atakipenda, naye akala kama mtu anayemeza dawa. Asubuhi alitangulia karakanani kabla yangu. Nilikuwa nikimkuta juu ya lile tairi, mikono imeingia ndani ya mikono ya sweta, anatazama malori yanayopita kwenda Songea na Mbeya. Hakulia mbele yangu hata mara moja. Ningefurahi angelia.

Siku ya pili tulikwenda Njombe kutafuta shaba. Mvua nyembamba ya baridi ilinyesha kutwa, ile isiyolowesha nguo upesi bali inaingia mifupani. Tulipita kwa wanunuzi wa vyuma chakavu mmoja baada ya mwingine. Wengi walikuwa na masufuria na mota zilizoungua. Kwa wa mwisho, chini ya mabati, nilivuta bushi nzito ya shaba ya kahawia iliyotoka kwenye mashine kongwe ya kiwanda cha chai, imejaa grisi iliyoganda. Niliikwangua kwa kisu, nikaona rangi yake. Mlamu aliishika kwa mikono miwili, akasema ina uzito wa mtoto aliyezaliwa jana.

Binti yao alitupokea kwake kwa chakula cha mchana. Alikuwa amepungua, amefunga kitambaa cheusi. Alinishukuru kwa kuacha kazi zangu. Akaeleza kwamba baba yake anataka mashua irudi majini kwa sababu kuna wanawake wajawazito wawili kijijini, na yeye alijaribu kumkataza akashindwa. Alikuwa akizungumza na mimi kama mtu wa upande wake. Nikamwambia nitaifanya kazi mwenyewe, sitamwachia mtu. Niliyasema hayo huku nikitazama chakula.

Kazi yenyewe nilianza siku ya tatu. Nilifunga mlango kwa wateja. Niliikata bushi kwa msumeno, nikafunga kipande kwenye mashine, nikaanza kukereza taratibu, nikipima kila mara. Shaba nzuri inapokerezwa hutoa chembe fupi za njano, na baada ya saa moja sakafu yote ilikuwa inameta. Jicho nililichonga kutoka kipande kizima, nikalimalizia kwa tupa, nikiwa nimeweka lile la zamani mbele yangu kama kielelezo. Nilikata pembe zake kama zilivyokuwa, nikatoboa matundu ya skrubu pale pale yalipokuwa. Ndani ya tundu kubwa niliweka bushi ndogo, inayoweza kutolewa na kubadilishwa ikilika, jicho libaki salama. Hilo nililijua tangu zamani. Hakuna nilichojifunza wiki ile.

Mlamu alikaa kwenye benchi akitazama. Alasiri ya siku ya nne, mashine ikiwa imezimwa ili nipime, aliuliza, "Ile ya kwanza ulitumia siku ngapi?"

"Ile ilikuwa kazi ndogo," nikasema.

Alitikisa kichwa. Niliwasha mashine ingawa nilikuwa sijamaliza kupima, na kipande kile nikakiharibu, ikabidi nianze pini upya.

Ilipokamilika niliwapigia wateja simu kwamba sitakuwepo wiki moja, nikasafiri naye. Nilitaka kuifunga mimi mwenyewe. Mlamu hakuniomba, wala hakunikataza. Tulilala Ludewa, kesho yake tukateremka ziwani, tukapanda boti ya injini na magunia ya mahindi. Joto la kule lilinikaba baada ya baridi ya nyumbani. Nilihesabu kimoyomoyo mara nilizowahi kumtembelea dada katika maisha yake ya ndoa. Zilikuwa mbili, na moja ilikuwa msiba wa mkwe.

Kaburi liko nyuma ya nyumba, juu kidogo, kwenye udongo mwekundu wenye mawe. Msalaba ulikuwa wa mbao, ameuchonga mlamu, na herufi za jina amezichoma kwa msumari wa moto. Tulisimama pale. Mimi nilisali sala ya Baba Yetu kwa Kibena, kwa sababu ndiyo lugha tuliyofundishwa na mama, nikakwama katikati. Mlamu hajui Kibena, hakuweza kunisaidia. Tulishuka.

Mashua ilikuwa imepinduliwa mchangani, imefunikwa makuti. Tuliigeuza kwa msaada wa vijana waliokuwa wakianika nyavu, nao wakarudi kwenye kazi yao. Ndani palikuwa na doa pale lilipokuwa godoro, unga mweupe wa ukungu umeshika mbao. Mlamu alilipitia kwa mguu bila kulitazama. Tulifunga jicho jipya kwanza, mimi nikishika, yeye akikaza skrubu, kwa kuwa mbao ni kazi yake. Kisha tukainua usukani, tukaingiza pini. Iliteremka kwa uzito wake yenyewe, ikakaa. Nikageuza usukani kulia na kushoto. Hakukuwa na mlio wowote.

Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya mashua, yeye amesimama. Nikamwambia. Nilisema ile pini ya kwanza niliitengeneza kwa chuma kisichofaa, kwamba nilijua hakifai, kwamba jicho lilikuwa limeshalika tangu siku ile na nililiona. Nilisema nilikuwa na malori ya watu. Nilisema yote, mpaka lile neno nililomwambia dada alipouliza kama itadumu. Nilisema bila kuinua macho, kwa hiyo nilikuwa nikiitazama miguu yake. Haikusogea.

Alichukua bisibisi, akarudia kukaza skrubu ambazo alikwisha kuzikaza, moja moja, zote nne.

"Usiwaambie watoto," alisema.

Nikamwambia sitawaambia.

"Wamebaki na wewe tu upande wa mama yao. Usiwaambie."

Hayo ndiyo yote aliyosema. Sikupata laana wala msamaha, na nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili. Jioni alinipa samaki wa kuchoma, akanitandikia mkeka mzuri, asubuhi akanisindikiza hadi kwenye boti. Alinipa mkono. Tangu siku ile huwa ananiita fundi. Hajaniita mlamu tena, na nadhani hakuna mwingine aliyegundua.

Bawaba inafanya kazi. Nasikia kutoka kwa binti kwamba wale wanawake wawili walivushwa salama, na wengine baada yao. Sasa kijijini boti ya injini inapita mara nyingi zaidi, lakini mashua bado inatumika. Mimi karakanani nimekuwa mzito. Kazi ambayo wengine huimaliza kwa saa mbili mimi naishika siku mbili, na baadhi ya madereva wamehamia kwa fundi mwingine karibu na kituo cha mabasi. Mke wangu alidhani ni uzee. Siku moja nilitaka kumweleza, nikakumbuka kuwa yeye na binti huongea kwa simu kila Jumapili.

Mwaka uliofuata binti aliolewa Njombe. Ibada ilikuwa nzuri, kwaya mbili, kanisa limejaa mpaka nje. Ukumbini mimi niliketishwa meza ya mbele kama mjomba, mlamu upande wa pili, amevaa suti iliyompwaya mabegani. Ilipofika zamu ya bibi harusi kutoa shukrani, alimshukuru Mungu, akamshukuru baba yake, akalia kidogo alipomtaja mama. Kisha akasema kuna mtu mmoja ambaye familia yao haitamsahau. Akasimulia jinsi mjomba wake alivyofunga karakana wiki nzima, akatafuta shaba kwenye mvua, akaichonga bawaba kwa mikono yake, akaenda nayo mpaka ziwani kuifunga, ili asipatikane mwingine wa kuteseka kama alivyoteseka mama. Akaomba nisimame watu wanione.

Nilimtazama mlamu. Alikuwa anaondoa miiba kwenye samaki wake, taratibu, anaipanga ukingoni mwa sahani.

Nikasimama. Watu walipiga makofi, akina mama wa kanisa wakapiga vigelegele. Nilipungia mkono, nikakaa. Mzee aliyekuwa kulia kwangu aliinama akaniuliza kama nachomelea na mageti pia. Nikamwambia ndiyo, aje Jumatatu.